Mhusika wangu anaiba fedha za kikoba, wasomaji hawamwamini. Kasoro iko wapi?

KalamuYaMbagala (mleta mada)

Habari zenu wakuu,

Naomba jicho la wanaoandika hadithi na skripti. Hii ni filamu ya dakika 90, niko toleo la tatu, kurasa 94. Mhusika mkuu ni Mama Shani, miaka 52, mweka hazina na mtunza sanduku wa kikoba cha wanawake 25 Mbagala. Mtu wa dini, mkali wa hesabu, anaaminika mtaa mzima. Wiki mbili kabla ya kuvunja kikoba na kugawana, anachukua fedha zote za sandukuni, milioni 7.4, na kutoweka. Sababu: mwanawe Idrisa, dereva wa bodaboda, amevunjika mguu na zinahitajika milioni 2.5 za kumwekea chuma.

Watu watano wamesoma. Wote wanaishia palepale: wameelewa kwa nini ameiba, ila hawaamini kwamba mwanamke yule angeiba. Nikaongeza sini (onyesho) ya hospitali, Idrisa analia kwa maumivu. Nikaongeza mbinu rejeshi: Mama Shani akiwa msichana, baba yake anakufa kwa kukosa fedha za matibabu. Nikampa mistari ya kumweleza dada yake kila kitu. Kadiri ninavyoongeza ndivyo wanavyozidi kuniambia imebandikwa.

Nibadilishe sababu, au tatizo liko kwingine?

---

Mshumaa_wa_Usiku

Mleta mada, usibadilishe sababu. Mguu wa Idrisa unatosha kabisa. Unachokosa ni milango iliyofungwa.

Msomaji akiona mtu ana shida, kichwani mwake anaanza kumtafutia njia. Hafanyi makusudi, ndivyo tulivyo. Sasa msomaji wako anakijua kikoba kuliko unavyodhani. Anajua kuna mfuko wa jamii wa kusaidia wagonjwa na wafiwa. Anajua mwanachama anakopa mpaka mara tatu ya hisa zake. Anajua wanawake 25 wakiambiwa mtoto wa mwenzao yuko kitandani, watachanga. Kwa hiyo Mama Shani anapoibeba milioni 7.4, msomaji anauliza: mbona hakuomba? Skripti yako haijibu. Ukiongeza machozi ya Idrisa unaongeza ukubwa wa shida, na shida ikikua ndiyo kwanza swali la "mbona hakuomba" linazidi kupiga kelele.

Kaa chini upige hesabu kama angezipiga yeye. Tuseme hisa moja ni shilingi 2,000, kiwango cha juu hisa 5 kwa wiki, na mmekutana wiki 46. Akinunua hisa tano kila wiki bila kukosa, ana 460,000. Mara tatu yake ni 1,380,000. Hata angekopeshwa yote, bado anapungukiwa zaidi ya milioni moja. Halafu kuna jambo zuri sana kwako: vikoba husimamisha mikopo kuelekea mwisho wa mzunguko, ili madeni yote yarudi kabla ya kugawana. Mlango wa kwanza umefungwa na katiba. Mfuko wa jamii unatoa kiasi kidogo kilichoandikwa, tuseme 50,000. Mlango wa pili uko nusu wazi, lakini hautoshi.

Tazama pia jinsi utaratibu huohuo unavyokujibia swali la "kwa nini leo". Katikati ya mwaka sanduku huwa karibu tupu, fedha ziko mikononi mwa wakopaji. Linajaa wiki za mwisho tu. Wanachama 25 kwa wastani wa hisa tatu ni 150,000 kwa wiki, mara 46 ni 6,900,000, ongeza riba na faini, ndiyo hiyo milioni 7.4 yako. Miezi mitatu nyuma asingekuwa na cha kuiba. Hili lionyeshwe mapema, wakati bado hatujui tutalihitaji: sini fupi ya wakopaji wakirejesha, noti zikihesabiwa kwa sauti, sanduku likizidi kuwa zito kunyanyua.

Unabaki mlango wa tatu, mchango. Huu ndio wenye roho ya hadithi, kwa sababu hakuna katiba inayoufunga. Lazima aufunge Mama Shani kwa mkono wake, na namna anavyoufunga ndiyo itakayotuambia ni nani. Mfano: ukurasa wa 7 au 8, Mwajuma anasimama mkutanoni kuomba asamehewe marejesho ya wiki tatu kwa kuwa mumewe amelazwa. Mama Shani anafungua katiba, anamsomea kifungu mbele ya wenzake 24, anamtoza faini. Hafanyi kwa ukatili. Anaamini kabisa kwamba huruma ndiyo inayoua vikundi. Baada ya hapo, siku mwanawe anapovunjika, kwenda kuomba ni kusimama palepale aliposimama Mwajuma, mbele ya Mwajuma. Hapo msomaji hatauliza tena. Ataona mwenyewe kwamba mwanamke huyu ni rahisi kwake kuiba kuliko kuomba.

Msukumo wa kuaminika, kwa uzoefu wa kusoma kazi nyingi zinazokwama kama yako, una sehemu nne: anachotaka (milioni 2.5), anachokiogopa kuliko kukikosa (kuonekana mhitaji), anachokiamini kinachomfanya ajione ana haki (kikundi hiki nimekijenga mimi), na kwa nini subira haiwezekani. Wewe umeandika ya kwanza tu, ukaikuza mara tatu.

Jambo la mwisho, na naomba ulichukulie kwa uzito: anahitaji milioni 2.5, mbona anachukua 7.4? Kiasi chenyewe kinasema. Akichukua 2.5 kamili na kuacha kikaratasi, huyo ni mtu wa shida. Akichukua zote, kuna kitu kingine ndani yake, kinyongo au uchovu wa miaka, na ni lazima kiwe kimeonekana kabla. Chagua mmoja. Sasa hivi umeandika mtu wa kwanza anayetenda kama mtu wa pili.

---

mama_wa_sini

Naunga mkono yote hapo juu, hasa la kiasi. Niongezee upande wa skrini, maana kwenye filamu hatuwezi kuingia kichwani mwake.

Ndugu mleta mada, umesahau kufuli. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na wanachama watatu tofauti, na anayetunza sanduku hana hata mmoja. Utaratibu umewekwa hivyo makusudi, mtu mmoja asiweze. Kwenye muhtasari wako "anachukua fedha". Anachukuaje? Swali hili si la ufundi wa wizi, ni la tabia yake. Kuna njia nne hivi:

Akivunja kwa nyundo, ni mtu aliyefika mwisho. Kelele, majirani, na hakuna kurudi nyuma.

Akichongesha funguo kwa fundi, amepanga kwa siku kadhaa. Inagongana na shida ya ghafla, na watazamaji wataanza kumhesabia kama tapeli.

Akibeba sanduku zima na kupanda nalo basi, ni hofu. Inafaa mhusika asiyefikiri mbali. Mweka hazina wako anafikiri mbali.

Ya nne ndiyo ningeichukua: anawaendea washika funguo mmoja mmoja, anaomba funguo "nihakiki hesabu kabla ya siku ya kugawana". Watatu wote wanampa. Hakuna hata mmoja anayeuliza, kwa kuwa ni Mama Shani. Heshima aliyoona bora aibe kuliko kuipoteza ndiyo hiyohiyo anayoitumia kuibia. Na umepata sini tatu, kila moja ngumu kuliko iliyotangulia. Wa kwanza anampa huku akisonga ugali, hata hamwangalii. Wa pili anamshukuru kwa kujitolea. Wa tatu awe Mwajuma. Tafadhali usiikose hiyo.

Mpangilio wa kurasa: ukurasa mmoja ni kama dakika moja. Kwa kurasa 94, sini ya faini ikae kabla ya ukurasa wa 10, ajali ukurasa wa 14 au 15, milango miwili ijifunge kufikia 22, aombe ufunguo wa kwanza kati ya 25 na 28. Asiibe kabla ya 40. Mtu mwaminifu haruki kutoka juu ya ngazi hadi chini, anashuka daraja moja moja, na kila daraja anajiambia hili ni la mwisho. Daraja la kwanza liwe dogo mpaka mtazamaji angelikanyaga: mfano, anachelewesha kuandika rejesho moja daftarini, kwa usiku mmoja tu.

Mbinu rejeshi ya baba ifute. Inatuambia alijeruhiwa, haituambii ameamua. Mistari ya kumweleza dada yake nayo ifute, ndiyo inayokuua zaidi. Mtu anayejua msukumo wake vizuri kiasi cha kuueleza kwa sentensi tatu zilizonyooka, huyo amekwishajitawala. Sini inaweza kubeba yote bila neno "nitaiba". Kwa mfano:

NDANI. CHUMBA CHA MAMA SHANI. USIKU.

Sanduku la bati liko juu ya kitanda, kufuli tatu zimening'inia. Mama Shani amekaa sakafuni, vitabu vya hisa magotini. Anafungua cha Mwajuma. Mihuri ya hisa: mitano, mitano, mitano. Kisha wiki tatu nyeupe. Anapitisha kidole penye weupe.

Simu inaita: IDRISA. Anaitazama mpaka inanyamaza.

SHANI (nje ya mlango)
Mama, hospitali wanauliza tunakwenda lini.

MAMA SHANI
Waambie Jumatatu.

SHANI
Imepatikana?

Mama Shani anafunga kitabu. Anachukua kanga, anafuta vumbi juu ya sanduku, polepole, kona zote nne.

MAMA SHANI
Nimesema Jumatatu.

Kikoba kinakutana Jumamosi. Tukishajua hilo, "Jumatatu", siku isiyo ya mkutano, ni kukiri. Na kile kitendo cha kufuta vumbi kinampa mwigizaji kazi ya mikono, kinamwonyesha mwanamke anayekipenda kitu anachokaribia kukivunja. Kila unapotaka aeleze, mtafutie kitu cha kushika.

---

Kisima_cha_Maneno

Michango mizuri. Nina tahadhari moja, maana naona hatari ya kumfunga mhusika mpaka awe mashine: faini ukurasa wa 8, kwa hiyo aibu, kwa hiyo wizi. Ukibana sana, anakuwa hana uchaguzi, na mtu asiye na uchaguzi hatuumii naye. Aachiwe mlango mmoja wazi kweli, na auone.

Angalia Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji. Maji ya Kinjeketile, yanayoaminiwa kumkinga mtu na risasi, yanawaunganisha watu ambao hawakuwahi kuwa kitu kimoja. Kinjeketile anayatia shaka maji yaleyale, anaona yanaweza kuwapeleka watu kwenye kifo. Anachotaka na anachokiogopa vimo ndani ya kitu kimoja. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme kwamba maji ni uongo. Mlango upo, anaweza kusema. Anakataa, kwa kuwa anajua watoto wao wataambiwa kwamba wazee wao walikosea kuipigania nchi yao. Hatuhitaji kusimuliwa utoto wake. Tunamwamini kwa sababu pande zote mbili zina uzito na tunamwona akichagua.

Kwa Mama Shani mlango huo unaweza kuwa Mwajuma mwenyewe. Anapofuatwa kwa ajili ya ufunguo, amuulize: "Idrisa anaendeleaje? Nasikia aliumia." Mlango huo hapo, wazi. Mama Shani angesema neno moja tu, mchango ungeanza jioni hiyo. Anajibu: "Yuko salama, alhamdulillahi." Sekunde hiyo ndiyo filamu yako. Wizi wenyewe baada ya hapo ni utekelezaji tu.

Sasa kazi ya mezani. Konstantin Stanislavski, mwongozaji wa michezo ya kuigiza kule Moscow, aliwafundisha waigizaji kuuliza katika kila onyesho mhusika anataka kufanya nini. Jibu liwe kitenzi, lisiwe hali. Mwandishi naye afanye hivyo. Pitia kurasa zako 94, pembeni ya kila sini andika kitenzi na mtu anayetendewa. "Ana huzuni" haiandikiki. "Kumfanya Zuhura (mwenyekiti) aone aibu kuuliza" inaandikika. "Kumpoteza Shani lengo" inaandikika. Sini ambayo hukupata kitenzi chake, hiyo ndiyo iliyobandikwa. Sini mbili zikifuatana na kitenzi kilekile kwa mtu yuleyule, moja iondoke.

Angalia pia maneno yake mwenyewe. Mtu kama huyu hatatamka "kuiba" mpaka dakika za mwisho, kama atalitamka kabisa. Ataanza na "kuazima". Kisha "nimeisogeza tu". Kisha "nimeishika". Ukiandika riwaya, hapa ndipo utajiri ulipo, msimulizi anaweza kukaa ndani ya udanganyifu huo kurasa nzima bila kumhukumu. Kwenye filamu yatosha neno libadilike mara tatu, masikio ya mtazamaji yatalishika.

---

KalamuYaMbagala (mleta mada)

Asanteni sana, nimeandika yote. Nimeamua atachukua 2.5 kamili na hatatoweka. Atabaki mtaani kusubiri siku ya kugawana. Nahisi hiyo inatisha zaidi kuliko kukimbia. Nimefuta mbinu rejeshi na dada.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Bi Zuhura, mwenyekiti, kwenye skripti anagundua upungufu ukurasa wa 58 lakini anakaa kimya mpaka wa 80, kwa sababu nilihitaji taharuki. Na sini ya hospitali nayo niitoe?

---

Mshumaa_wa_Usiku

Kubaki mtaani ni uamuzi mzuri sana. Ila kumbuka anachotaka kimebadilika siku hiyohiyo. Mpaka anachukua, alitaka fedha. Baada ya hapo anataka kuzirudisha au kuficha, ndani ya wiki mbili. Vitenzi vyote vya pembeni vibadilike. Waandishi wengi huendelea kumchora mama mwenye mtoto mgonjwa wakati mguu umeshawekwa chuma, na katikati ya filamu inalegea kwa sababu hiyo.

Kuhusu Bi Zuhura: "nilihitaji taharuki" ni msukumo wa mwandishi. Yeye anahitaji wa kwake. Kurasa 22 ni muda mrefu wa kunyamaza. Mpe kitu cha kupoteza endapo atasema. Mwenyekiti ndiye anayetakiwa kusimamia fedha zihesabiwe na zitangazwe mbele ya kikundi kabla sanduku halijafungwa. Ikiwa mkutano wa Jumamosi ya mwisho alikubali "hesabu ya Mama Shani inatosha" ili wawahi msiba, yeye amevunja utaratibu. Akimtaja mwenzake anajitaja. Sasa kimya chake kina gharama, na kila siku anayokaa kimya inampandishia deni. Ataanza kutafuta namna ya kurudia kuhesabu bila kusema kwa nini, na hapo una wanawake wawili wanaozungukana juu ya sanduku moja, kila mmoja akidhani mwenzake hajui.

Jipime hivi ukimaliza: soma matukio yote kwa sauti, kati ya tukio na tukio tia "kwa hiyo" au "lakini". Mahali ambapo neno pekee linaloingia ni "halafu", simama. Kwenye toleo lako la sasa naona "halafu" mbili, hapo kwa Bi Zuhura na pale kwenye kutoweka ulikokwisha kufuta.

---

mama_wa_sini

Sini ya hospitali ibaki, moja tu, ukurasa wa 17 hivi, na Idrisa asilie. Machozi yake yanamwambia mtazamaji ahisi nini. Badala yake, mama ameketi pembeni ya kitanda, bili iko kwenye mkoba hajaifungua. Idrisa anamnong'oneza kwamba mgonjwa wa kitanda cha pili hana ndugu, tangu jana hajala. "Mama, mpe hata elfu tano. Nimemwambia mama yangu ni mweka hazina." Mwanawe anamjua kama mtu asiyekosa fedha, na amekwisha kuwatangazia wodi nzima. Mama Shani anafungua mkoba, anaipita bili, anatoa noti, anaikunjua, anaenda kumpa yule mgonjwa kwa mikono miwili. Kata hapo.